Ufito Mmoja, Nao ni wa Mtoto

Wasikilizaji wangu, shule zinafungwa, masika yamekwisha, maji ya mito yameanza kuwa meupe, na najua katika nyumba nyingi kuna mtoto wa miaka saba au minane ambaye amekwisha kusema zaidi ya mara moja, "Nipelekeni kuvua." Jioni ya leo nazungumza na yule atakayempeleka, awe baba, shangazi, kaka mkubwa au mjomba. Neno langu ni moja, na nalitoa mapema ili hata anayekwenda kuinjika ugali awe amelisikia: ukimpeleka mtoto mtoni, wewe usivue. Beba ufito mmoja, nao uwe wa mtoto.

Nimekulia chini ya milima ya Uluguru, upande wa mito inayoteremka kwenda kuungana na Ruvu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu ya wapwa zake. Kwa hiyo aliyenifundisha kuvua hakuwa baba. Ni mjomba, kaka yake mama. Alikuwa mvuvi hasa, mtu wa ndoana na wa migono, na mtungo wake wa samaki ulipopita njiani watu walitoka barazani kuuliza bei. Lakini siku alizotupeleka sisi watoto hakushika ufito. Alitutungia chambo cha kwanza, akamwonyesha kila mmoja pa kukaa, kisha akapanda juu ya jiwe lililokuwa nyuma yetu, mahali ambapo anatuona sote watatu na anauona mto unakotokea. Akakaa hapo mpaka tuondoke.

Nilidhani amechoka. Siku moja nilimwonea huruma nikampelekea ufito wangu, nikamwambia avue kidogo na yeye. Akaurudisha mkononi mwangu. "Vua, mjomba," aliniambia, maana mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Mimi nina kazi yangu."

Kazi hiyo niliielewa nikiwa mtu mzima, na niliielewa kwa kosa langu mwenyewe. Niliwachukua watoto wawili wa dada yangu, msichana wa miaka saba na mdogo wake wa miaka mitano, tukaenda kwenye kijito kimoja cha mlimani. Nilibeba fito tatu. Watoto nikawaweka kwenye mchanga, mimi nikajitafutia mahali pazuri hatua chache chini yao. Perege wakaanza kudonoa. Msikilizaji, kama umewahi kuvua unajua jinsi boya linavyoiba macho ya mtu. Linazama kidogo, linaibuka, linazama tena, na wewe dunia nzima imekuwa kile kipande cha kandambili juu ya maji. Sijui nilikitazama dakika ngapi. Nilipogeuka, yule mdogo alikuwa amesimama ndani ya mto, maji yakimfika magotini, anafuata jani. Na maji yale hayakuwa tena meupe. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilimfikia. Hakupatwa na lolote, na nusu saa baadaye mahali alipokuwa amesimama pangemfunika kichwa. Mbingu juu yetu ilikuwa ya buluu. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, tusikoona.

Ndiyo maana mjomba alikaa akitazama mto unakotokea. Mito ya milimani haingoji wingu lifike ulipo. Dalili zake ni hizi: maji kubadilika rangi, vijiti na majani makavu kuanza kupita kwa wingi katikati ya mkondo, na mlio wa mto kuwa mzito. Ukiona hata moja, usingoje ya pili. Waambie watoto waache vyote na wapande juu, hata kama ndoana imenasa samaki. Ufito utapata mwingine. Na dalili hizo huwezi kuziona kama macho yako yamefungwa kwenye boya lako.

Nikishukia tambarare, ni habari nyingine kabisa. Ruvu kule chini, Wami, Kilombero, Rufiji: hii ni mito ya mamba na viboko, na mimi simpeleki mtoto kuvua kwenye kingo zake. Nasema bila kuzunguka, kwa sababu nimesikia wazazi wakisema, "Pale hapajawahi kuonekana mamba." Mamba hataki kuonekana. Anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu, na anajifunza mazoea: wapi watu huchota maji, saa ngapi watoto huja, wapi utumbo wa samaki hutupwa. Wavuvi wazima wa mito hiyo wana ujuzi wao na wana hasara zao, waulize watakusimulia. Mtoto anayeanza ana maji mengine ya kujifunzia. Kuna vijito vya juu vyenye mawe, na kuna mabwawa ya kufugia samaki, ambayo siku hizi yamechimbwa vijijini na pembezoni mwa miji. Pale Morogoro kituo cha serikali cha ufugaji samaki kipo Kingolwira, na wafugaji wadogo wako wengi. Mwombe jirani mwenye bwawa akuruhusu saa moja kwa bei ya samaki mtakaowatoa. Najua wavuvi wengine watasema bwawa si mto. Ni kweli. Lakini mtoto aliyekwisha kuhisi samaki akivuta mshipi bwawani atakwenda mtoni na subira ambayo hukumpa wewe.

Kwa vijito vilivyo karibu na msitu wa hifadhi, uliza kwanza mipaka iko wapi. Na popote uendapo, salimia wenyeji, waulize maji yao yana nini. Hawatakuficha.

Sasa kichocho. Adui huyu hana meno wala hana sauti, na katika nchi yetu amewapata watoto wengi mno. Anaishi ndani ya konokono wadogo wa majini, wale wanaokaa penye maji yaliyotulia, kwenye magugu na matete, yaani pale pale ambapo mtoto anapenda kukaa. Vijidudu humtoka konokono, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu bila yeye kuhisi. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kwa hiyo mimi huenda mapema. Saa 1 asubuhi tuko kwenye maji, saa 3 tunakwenda nyumbani kunywa chai. Mtoto hukaa juu ya jiwe au gogo, miguu mikavu, na kama ana mabuti ya mpira ni vizuri zaidi. Akilowa, mfute pale pale kwa kanga kavu, usimwache akauke kwa jua. Na akianza kukojoa damu wiki au miezi baadaye, au tumbo likimsumbua, mpeleke zahanati na umwambie tabibu kwamba mtoto alikwenda mtoni. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inafanya kazi.

Nimekwisha kuwatisha, najua. Naomba msizime redio, maana sehemu tamu ndiyo hii.

Vifaa vya mtoto havitaki duka kubwa. Kata mwanzi mkavu, mwembamba, urefu wake kama mita 2 hivi. Funga kwenye ncha yake mshipi wa nailoni wenye urefu sawa na ufito wenyewe. Usizidishe. Mshipi ukiwa mrefu, mtoto hawezi kuutupa wala kuuvuta, na utazunguka kwenye miti na kwenye shingo za wenzake. Boya ni kipande cha kandambili kuukuu kilichokatwa kama kidole gumba. Kwa uzito, wengi hutumia kipande cha risasi na kukibana kwa meno. Hapo nakataza. Risasi ni sumu, na haifai kabisa kuwa mdomoni mwa mtoto. Nati ndogo ya baiskeli inatosha. Ndoana iwe ndogo, kama namba 12, kwa sababu mdomo wa perege ni mdogo, na katika ndoana za aina hii namba ikipanda ndoana inapungua. Kisha chukua koleo, ukibane kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke mpaka kilale kabisa. Utapoteza samaki wachache. Lakini ndoana ikiingia kwenye kidole cha mtoto, na siku moja itaingia, itatoka ilivyoingia, kwa chozi moja tu.

Chambo ni kazi ya mtoto, usimnyang'anye. Mpe kopo na kijiti, mwelekeze nyuma ya bafu, chini ya migomba inayokunywa maji ya kuogea. Hapo nyungunyungu hawakosekani. Atachafuka mpaka kwenye nyusi, na kwa watoto wengi nimeona uvuvi umeanza hapo hapo, kabla ya mto. Asiyetaka kumshika nyungunyungu apewe ugali wa jana uliokauka kidogo, aufinyange vidonge vidogo kama punje ya mtama. Perege huula. Kambale hupenda zaidi kitu chenye harufu, lakini kambale ni samaki wa usiku na wa matope, na mapezi yake ya mbavuni yana miiba inayochoma vibaya, kwa hiyo simtafuti kwa ajili ya mtoto anayeanza. Akija mwenyewe, mtu mzima ndiye amshike.

Na muda uwe mfupi. Hili wazazi hawaliamini. Mtu mzima amefunga safari, amepanda pikipiki au daladala, anataka siku nzima. Mtoto wa miaka saba ana saa moja na nusu ya uvuvi ndani yake, pengine chini ya hapo. Baada ya muda huo ataanza kutupa mawe majini, kujenga nyumba ya mchanga, kumfuata kaa. Usimkaripie. Hata kaa ni wa mto. Funga mishipi, mle muhogo wa kuchemsha mliobeba, mwondoke akiwa bado anatamani kubaki. Mjomba alikuwa akituondoa mapema hivyo hivyo, tukilalamika njia nzima, na kesho yake tulikuwa mlangoni kwake kabla hajanawa uso.

Nataka nikae kidogo kwenye samaki wa kwanza.

Yule mpwa wangu wa kike, mwaka uliofuata ile siku niliyoisimulia, alinasa perege wake wa kwanza. Safari hiyo nilikuwa juu ya jiwe, sina ufito. Boya lilizama, akavuta kwa nguvu zote, samaki akaruka juu ya kichwa chake akaangukia kwenye majani nyuma. Alipiga kelele za furaha. Kisha akamwona anavyohangaika, mdomo unafunguka na kufumba, na furaha ikakatika. Akanitazama. "Mjomba, anaumia?"

Watu wazima wengi hapo husema, "Hapana, samaki hasikii." Mimi sikuweza kusema hivyo mbele ya yale macho. Nilimwambia, "Anahangaika, ndiyo. Kwa hiyo hatumchezei. Tukitaka kumla, tunamuua sasa hivi kwa pigo moja juu ya kichwa, nyuma ya macho. Tukitaka aende, tunalowesha mikono kwanza, tunamtoa ndoana, tunamrudisha. Chagua wewe." Alifikiri, samaki akiwa kwenye mikono yangu iliyolowa. Akasema aende. Akamshika mwenyewe, akamteremsha majini polepole, akasubiri mpaka mkia ulipoanza kupiga. Wa pili alimrudisha pia. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa kuliko kiganja changu, akasema huyu ni wa bibi. Nilimpiga mimi pigo lile, naye hakugeuza uso. Bibi alimla na ugali usiku ule, na msichana alikaa pembeni akihesabu kila tonge.

Tangu siku hiyo sijamwona mtoto yule akiacha samaki afe juani kwenye mchanga. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo, tena mbele ya watoto, na wala hawajui wanachofundisha.

Perege ana mengine ya kumwonyesha mtoto. Dume huchimba kitanda chake chini ya maji, duara safi kama sahani, na ukikaa kimya asubuhi penye maji maangavu utaliona. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai na kuyatia mdomoni mwake. Humo ndimo yanamoanguliwa, na vifaranga wakitishwa hurudi mbio kinywani mwa mama yao. Nililijua hilo nikiwa mdogo, mjomba alipoinua mgono wake na perege mmoja akatema kiganjani mwake vitu vidogo kama punje za ulezi, kila punje ina macho mawili. Mjomba aliwarudisha wote majini, mama na watoto, bila kusema kitu. Hakukuwa na haja ya kusema.

Na kuna mkunga, yule samaki kama nyoka anayewatisha watoto. Waambieni habari yake. Mkunga wa mito yetu inayoishia Bahari ya Hindi huzaliwa baharini, mbali. Akiwa mdogo, mwembamba kama uzi, huingia mtoni na kuupanda mto mpaka milimani. Huko hukaa miaka mingi, kisha siku moja huteremka tena kwenda baharini kuzaa, na harudi. Mtoto wa Uluguru aliyesikia hilo akiwa ameketi ukingoni atajua, bila ramani, kwamba kijito cha kwao kina njia ya kufika Bagamoyo.

Katika miaka ya karibuni amekuja pia sato, ambaye si mwenyeji wa mito yetu ya mashariki. Ameletwa na watu, naye huzaana na perege wa asili na kumchanganya. Mtoto anaweza kumtambua: sato ana mistari ya wima kwenye mkia kama kitambaa cha kikoi. Mwulize kila anaponasa, huyu ni yupi? Nimemsikia wa miaka minane akiwasahihisha wazee, na alikuwa sawa.

Mambo ambayo mtoto asiyaone kwako hata mara moja: utupa, na chandarua. Utupa tunaujua, majani yake yakipondwa na kutiwa kwenye maji samaki wote huelea, wakubwa na vifaranga, na mto hubaki mtupu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu, lakini mimi sitegemei sheria peke yake kwenye kijito kisichofikiwa na ofisa yeyote. Chandarua nacho matundu yake hayamwachi hata yule wa ukubwa wa punje ya ulezi, na kikiwa na dawa ya kuulia mbu, dawa hiyo huua samaki. Chandarua kilitolewa kikae juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto huyo huyo asikione mtoni.

Wapelekeni na wasichana. Bado nasikia watu wakisema ndoana ni ya wavulana. Kina mama wa pwani huchokoa pweza kwenye miamba tangu enzi na enzi, na mpwa wangu niliyemtaja ana mkono mwepesi kuliko kaka zake wote. Boya halijui nani ameshika ufito.

Na wewe mtu mzima uliyekulia mjini ambaye hujawahi kushika mshipi, na unaona haya kuanza na umri huo, nawe nakukaribisha. Ufito wako ni ule ule wa mtoto, ndoana ile ile, saa ile ile ya asubuhi. Tafuta mwenyeji mmoja mpole asiyecheka watu, akae nyuma yako. Ukishajua, siku yako ya kukaa juu ya jiwe itafika.

Mwisho, nataka kuzitaja mita 60. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka umbali huo kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu zisifanyike ndani yake. Nikiteremka sasa kwenye vijito nilivyovua nikiwa mtoto, naona matuta ya mboga yamefika mpaka majini, na jiwe la mjomba limezungukwa na nyanya. Jiwe bado lipo. Kitanda cha perege kilichokuwa mbele yake kimefunikwa na udongo.

Basi, msikilizaji, Jumamosi hii mtafute mtoto mmoja, wako au wa dada yako. Mchimbe nyungunyungu Ijumaa jioni. Mwamke mapema, muwaage wa nyumbani, mseme mnakokwenda na saa ya kurudi. Na kabla hamjatoka mlangoni, zihesabu fito mlizobeba. Zikiwa sawa na idadi ya watoto, nendeni salama. Ukizidi mmoja, urudishe ndani.